Hotpoti za mamangu na virusi vinavyobadilishana vipande

Harusi ya binti wa jirani iliisha Jumapili na mpaka Alhamisi mamangu bado yuwalalamika juu ya hotpoti zake. Mtu ambaye hajakaa Mji wa Kale, Mombasa, hawezi kuyaelewa haya. Ukiwa na shughuli huku vyombo huazimwa mtaa mzima, sinia kwa huyu, majagi kwa yule, na kila mwenye chombo chake hutia alama chini kwa rangi ya kucha, lakini wapi, wakati wa kurudisha ni saa sita ya usiku, wale wanawake wa jikoni miguu yawauma, wanapanga kwa idadi tu, nane za huyu, nane za yule, haya beba mwanangu peleka. Seti ya mamangu ni vipande vinane, hotpoti nne na vifuniko vinne, bluu tupu. Ya Mama Fatma ni hivo hivo, kampuni ile ile, saizi zile zile, ila yeye ni nyeupe za maua mekundu. Zilizorudi kwetu ni nane, hesabu imetimia sawasawa. Tano bluu, tatu za maua.

Sasa siku hiyo Swaleh, mtoto wa dadangu, yuko kidato cha tatu, alikuwa kalala kwenye kochi letu pua imeziba, macho mekundu, hakwenda skuli. Akaniuliza, "Khalati, kwani homa hii mtu haiugui mara moja akaizoea? Mbona mwaka jana niliugua?" Mimi nikaangalia zile hotpoti pale mezani nikaona hapa nimeletewa somo bure.

Mnaonisoma siku nyingi mwajua mimi ni mtu wa maabara, si daktari wala si profesa, kazi yangu ni kupokea damu na makohozi ya watu na kuyapitisha kwenye mashine. Lakini virusi navipenda, yani navipenda kwa mbali. Na kuna jambo moja ambalo hunikera tangu wakati wa corona, watu wote walijifunza neno moja tu, "mutesheni", kila kitu mutesheni, kwenye redio mutesheni, kwenye groupu ya familia mutesheni. Mutesheni ni kosa la herufi moja wakati wa kunakili, nayo ni kweli hutokea, virusi vya RNA, yani vile ambavyo maagizo yao yameandikwa kwenye uzi wa herufi uitwao RNA, hukosea sana manake mashine yao ya kunakili haina tabia ya kurudi nyuma kuangalia ilichoandika. Lakini mabadiliko makubwa makubwa, yale ya kuishtua dunia, mara nyingi hayaji kwa kosa la herufi. Huja kwa virusi viwili kukutana na kubadilishana vipande.

Anza na homa hii ya Swaleh, tuseme ni influenza. Kirusi cha influenza A jeni zake hazikuandikwa kwenye uzi mmoja mrefu. Ziko kwenye vipande vinane vya RNA, kila kimoja kimejikunja peke yake, na kirusi hakikamiliki mpaka vyote vinane viwemo. Kimoja kina maagizo ya protini ya H, ile inayoishika seli ya kooni ili kirusi kiingie. Kimoja kina ya N, hiyo ni kama mkasi, hukata kamba ili virusi vipya vitoke vikaambukize kwengine. Vitatu ni vya mashine ya kunakili, vilivyobaki ni vya mambo ya ndani. Hizo H na N ndo zile mnazoziona kwenye habari, H1N1, H3N2, H5N1.

Haya, mtu kaambukizwa aina mbili kwa wakati mmoja. Hapo bado hakujaharibika kitu. Ni lazima zote mbili ziingie kwenye seli moja, si mwili mmoja tu, seli moja, ile ile, hapa ndo wengi hawaelewi. Zikishaingia humo kila aina yatoa vipande vyake vinane, vyanakiliwa maelfu kwa maelfu, vyajaa humo ndani vyote pamoja kama vyombo vya harusi kwenye jiko la uani, halafu virusi vipya vinapofungwa kila kimoja chachukua seti ya vinane. Cha maua au cha bluu, halitazamwi hilo. Kila nafasi ina njia mbili, nafasi ziko nane, zidisha mbili kwa mbili mara nane wapata 256. Toa seti mbili za asili, zabaki 254 ambazo hazikuwepo asubuhi.

Swaleh akasema, "254 zote zatuua?" Nikamwambia hapana, nikainuka nikachukua kifuniko cha Mama Fatma nikakiweka juu ya hotpoti ya mamangu. Saizi ni ile ile, kampuni ni ile ile, lakini chacheza, upande mmoja chainuka na mvuke watoka, wali wapoa. Ndo hivo hivo, vipande vya RNA vina alama za kutambuana wakati wa kufungwa na protini zake ni lazima zishikane, H ikawa na nguvu sana na N ikawa dhaifu basi virusi vyanasa pale pale kwenye seli havitoki. Wengi wa hao watoto wa mchanganyiko hufa au huwa wanyonge. Shida ni kwamba mchanganyiko hufanywa mara nyingi mno, na mmoja akikaa sawasawa yatosha.

Mwaka 1957 ilitokea. Watu wa wakati ule walikuwa wameizoea H1N1, ukoo ule uliotokana na janga la 1918. Kikaja kirusi kipya kutoka Asia Mashariki, H2N2, kimechukua vipande vitatu kutoka kwa virusi vya ndege, H, N, na kimoja cha mashine ya kunakili kiitwacho PB1. Vitano vilivyobaki vilikuwa vya binadamu vile vile vya zamani, kwa hivo kirusi kilishajua kuishi ndani ya mtu, ila nguo za nje alizovaa hakuna mwili uliokuwa wazijua. Miaka 11 baadaye, 1968, ikaja ya Hong Kong, H3N2, na mara hii vipande vigeni vilikuwa viwili tu, H na PB1 tena. N hawakuibadilisha. Angalia jina lenyewe, H2N2 ikawa H3N2, hiyo N2 ni ile ile ya 1957 ilibebwa. Mimi nilipoelewa hili mara ya kwanza nilifurahi kama mtoto, manake miaka yote nilikuwa naziona zile herufi kama namba za gari tu kumbe ni nasaba.

Halafu 2009, ile walioiita homa ya nguruwe. Mtaani kwetu jina lile lilifanya watu wajione wamesalimika, "sisi na nguruwe wapi na wapi", kama kwamba kirusi kikishaingia kwa watu huuliza dini. Ile ilikuwa mchanganyiko juu ya mchanganyiko. Nguruwe wa Marekani Kaskazini walikuwa tayari wana kirusi kilichotiwa vipande vya nguruwe, vya ndege na vya binadamu, hicho kikakutana na kirusi cha nguruwe wa Ulaya na Asia, kikachukua kwake vipande viwili, N na kingine kiitwacho M. Kwa hivo seti moja ya vinane ilikuwa na vya nyumba chungu nzima. Nguruwe hutajwa sana kwenye mambo haya kwa sababu seli zake za njia ya pumzi zina vishikio vya aina zote mbili, vya virusi vya ndege na vya watu, yani ni jiko ambalo milango yote iko wazi.

Wataalamu huu mchezo wa vipande wauita riasotimenti. Na si influenza peke yake. Rotavairasi, ile ya kuharisha kwa watoto wachanga ambayo Kenya ilianza kuichanjia 2014, ina vipande 11. Lakini ninayoipenda mimi kusimulia ni ya kwetu hapa hapa Kenya na ajabu ni kwamba watu hawaijui kabisa.

Mvua za El Niño za 1997, waliokuwepo wanakumbuka maji yalivyokuwa. Upande wa Garissa na kusini mwa Somalia mafuriko yakaleta mbu, mbu wakaleta homa ya Bonde la Ufa, mifugo ikafa, watu wakafa, wengine wakitokwa na damu. Homa ya Bonde la Ufa yenyewe si mgeni, kirusi chake kilielezwa mara ya kwanza 1931 kutoka kwa kondoo wa karibu na Naivasha. Sasa walipopima sampuli za wagonjwa waliotokwa na damu, kuna ambao hawakuwa na kirusi hicho. Walikuwa na kingine. Wakakiita kirusi cha Garissa.

Kilikuwa na vipande vitatu, kidogo, cha kati na kikubwa. Wakasoma kile kidogo na kile kikubwa wakakuta ni vya Bunyamwera, kirusi kilichopatikana Uganda 1943 ambacho kwa kawaida kikimshika mtu humpa homa tu ikapita. Basi mbona hawa watokwa na damu? Jibu likaja baadaye waliposoma kipande cha kati, kile chenye maagizo ya protini za ganda la nje. Hakikuwa cha Bunyamwera hata kidogo. Kilikuwa cha kirusi chengine kiitwacho Batai, kilichopatikana mara ya kwanza kwa mbu huko Malaysia 1955, nacho pia si kirusi cha kutisha. Na zaidi ya hapo ikagundulikana hicho cha Garissa ni kile kile ambacho kilishatolewa kwa mbu Senegal 1979 kikapewa jina Ngari, kikakaa kwenye makabati hakuna anayekishughulikia. Wazazi wawili wapole, mtoto mtoa damu. Maabarani imeshaonyeshwa kwamba virusi vya ukoo huu hubadilishana vipande ndani ya tumbo la mbu, kwa hivo mbu akinyonya kwa huyu kabla hajashiba akaenda kwa yule, yeye si mbebaji tu, yeye ndo jiko.

Hapa Swaleh alikuwa ameshakaa kitako. Akauliza swali zuri, wallahi watoto wa siku hizi, "Na vile ambavyo havina vipande? Kama corona?" manake aliskia kwamba corona ni uzi mmoja.

Kweli, corona ni uzi mmoja, herufi kama 30,000. Polio pia uzi mmoja, kama 7,500. Hao hawawezi kubadilishana hotpoti, hawana hotpoti, wao ni kama mtu mwenye kitabu kimoja. Lakini huchanganyika na hii ndo njia ya pili, inaitwa rikombinesheni, na kuieleza ikabidi niende mbali kidogo.

Ramadhani ya 2020 misikiti ilikuwa imefungwa kwa sababu ya corona, basi kakangu ndo aliyekuwa akitusalisha tarawehe ukumbini, amehifadhi lakini siku nyingi hajadurusu. Usiku mmoja yuwasoma sura ya Baqara, amefika pale Bani Israili wanapoambiwa waingie ule mji wale humo wapite mlangoni wakisujudu. Sasa aya ile ina nduguye kwenye Aaraf, karibu maneno yale yale. Mwenye kuhifadhi Qur'ani azijua hizi aya za kufanana, ndo mitego yenyewe. Kakangu akaingia kwenye aya yuko Baqara, akatoka yuko Aaraf, wala hakukwama wala hakusita, sauti nzuri vile vile, akaendelea mpaka tukajiskia tumefika kwenye ule mji wa kando ya bahari, na Baqara tumeiacha nyuma kitambo. Mamangu nyuma apiga kofi, pa, pa. Babangu ndo akamfungulia, yani akamtajia maneno sahihi, akarudi.

Hiyo ndo rikombinesheni. Mashine ya kunakili imeishika RNA ya kirusi cha kwanza yuwasoma na kuandika, ikifika mahali, labda pagumu, labda RNA imejikunja fundo, inateleza pamoja na nakala yake ambayo haijakwisha, yaangukia kwenye RNA ya kirusi cha pili mahali ambapo herufi zafanana, na kwa vile zafanana haijui kama imehama, yaendelea tu. Nakala imeanza kwa huyu imeishia kwa yule na ni kamili. (Mungu anisamehe kwa mfano, Qur'ani haibadiliki, ni sisi wasomaji tunaoteleza.)

Kwa polio ilishajulikana tangu miaka ya 1960 kwamba huchanganyika, lakini vipi? Mtu angeweza kudhani uzi hukatwa na kuungwa kama nyaya. Mwaka 1986 watafiti Karla Kirkegaard na David Baltimore wakaonyesha kwamba si kukatwa, ni wakati wa kunakili ndo mashine yahama. Na hili la polio si la vitabuni, latugusa. Yale matone wanayopewa watoto, wale akina mama wanaopita mlango kwa mlango na kumpaka mtoto wino kwenye kidole, ndani yake mna kirusi hai kilichodhoofishwa. Mahali watoto wote wamechanjwa hakiendi popote. Mahali wengi hawakuchanjwa chaweza kuzunguka mwaka mzima na zaidi kutoka tumbo hadi tumbo, na matumboni humo chakutana na binamu zake, virusi vyengine vya matumbo ambavyo havina madhara makubwa, chachukua kwao nusu ya nyuma ya uzi, ya mbele yabaki yake, na polepole charudisha ukali. Aina ya pili ya kirusi cha polio ndo iliyosumbua zaidi mpaka Aprili 2016 dunia nzima ikaitoa kwenye matone ya kawaida. Na bado, 2018 ikapatikana kwenye maji taka ya Eastleigh, Nairobi.

Waliotengeneza matone mapya ya aina ya pili walifanya ujanja ambao mimi niliposoma nilisema hawa ni watu wa Mombasa. Walipunguza uwezo wa kirusi kurudi kuwa kikali kwa kubadilisha herufi za mwanzo wa uzi. Lakini wakajua kirusi ni mwizi, kitaenda kwa binamu kiazime mwanzo mzima mzuri kitupe ule dhaifu. Basi wakachukua kipande kimoja kidogo ambacho bila hicho kirusi hakinakiliki, kwa kawaida hukaa katikati, wakakizima kule wakakihamishia pale pale mwanzoni kwenye zile herufi dhaifu. Ukiutupa mwanzo umetupa na ufunguo wa nyumba. Huwezi kuzuia mtu asiazime lakini waweza kumfanya ajute. Kwa hivo wale akina mama wakija mlangoni watoto wanywe matone, tafadhali, kirusi cha matone hupata nafasi mahali ambapo watoto hawakunywa, si mahali walipokunywa.

Corona nayo yaruka kama desturi. Hata ikiwa peke yake kwenye seli haina wa kuchanganyika naye, lazima iruke, manake jeni zake nyingi husomwa kwa njia ya mashine kuanza upande mmoja halafu kuruka kwenda mwisho wa uzi kuchukua kichwa kifupi cha herufi kama 70, kila ujumbe ni lazima uwe na kichwa hicho. Mashine iliyofundishwa kuruka kila siku, ukiiweka na nyuzi mbili tofauti, itakosa vipi kurukia ya jirani? Mkumbuke ile aina ya XBB, mwisho wa 2022 kuingia 2023. Hiyo X ya mwanzo ndo alama ya mchanganyiko, wanaozipa majina waliiweka makusudi. XBB ni watoto wawili wa Omikroni, BJ.1 na BM.1.1.1, walioungana katikati ya ile protini ya miba. Upande mmoja wa mwiba ni wa baba, mwengine wa mama. Na chanjo za 2023 zikabidi zibadilishwe ziufuate.

Na hapa pana kitu cha kuchekesha. Nilisema virusi vya RNA havirudi kuangalia vilichoandika, corona ni tofauti, ina protini ya kusahihisha, hufuta herufi iliyokosewa, ndo mana imeweza kuwa na uzi mrefu vile bila kuharibika. Ni yule babangu aliyesimama nyuma ya imamu. Sasa 2021 watafiti wakaonyesha kwamba hiyo hiyo protini ya kusahihisha ikiharibiwa, kuruka nako hupungua na kuvurugika. Yani msahihishaji mwenyewe ana mkono kwenye kuhama. Na mimi nilishangaa lakini sikushangaa sana, kwa sababu Ramadhani ile ile kuna usiku babangu alimfungulia kakangu na aya ya sura nyengine, wakaenda wote wawili, na mamangu makofi hayo.

Ukimwi upande wake umefanya kuruka kuwa maisha. Kila kirusi cha HIV hubeba nakala mbili za RNA ndani yake, na mashine yake inapotengeneza DNA huruka baina ya hizo mbili kila mara. Nakala mbili zikiwa sawa, kuruka hakuna athari. Lakini mtu akiambukizwa aina mbili, na seli moja ikapata zote mbili, kirusi kitakachotoka humo chaweza kubeba moja ya huku na moja ya kule, na kwenye seli itakayofuata ndo zasukwa kuwa moja. Hatua mbili basi. Kenya aina iliyoenea zaidi ni A1, C na D pia ziko, na wagonjwa wenye michanganyiko yao si wachache. Kwa dawa hili lina maana, virusi viwili kila kimoja kimejifunza kuikwepa dawa moja vyaweza kuzaa kimoja kinachozikwepa mbili.

Nisije nikaeleweka kwamba kila kirusi ni mchanganyaji. Chikungunya iliyoanza Lamu 2004 ikaja Mombasa, iliyotukunja mgongo sote (jina lenyewe ni la Kimakonde, kujikunja), ile ilipofika kisiwa cha Réunion ilibadilika kwa herufi moja tu, kosa la kawaida la kunakili, na hilo kosa likaifanya impende mbu mwengine, yule mweusi wa mistari meupe aliyejaa kule. Hakuna kuazima hapo. Na surua na kichaa cha mbwa huchanganyika kwa nadra sana, RNA yao imevikwa protini kutoka mwanzo mpaka mwisho kama maiti kwenye sanda, mashine haiwezi kuiacha ikarukia nyengine kwa urahisi.

Swaleh alikuwa na swali la mwisho na hili naliandika kwa sababu najua mtaniuliza kwenye simu. Januari 2022 habari zilijaa neno "flurona", kule Israeli mtu alikuwa na influenza na corona kwa wakati mmoja. Je, zitachanganyika? Hapana. Influenza hunakiliwa ndani ya kiini cha seli, corona hubaki nje ya kiini, hata jiko si moja. Na hata wangekutana mlangoni, herufi zao hazifanani popote, mashine ya huyu haiwezi kuisoma RNA ya yule. Ili kuruka ni lazima aya zifanane, na ili kubadilishana vipande ni lazima seti ziwe za kampuni moja. Kuumwa na mbili kwa pamoja kwaweza kumlaza mtu vibaya lakini hakutazaa kiumbe kipya.

Tulipofika hapo mamangu akarudi kutoka kwa Mama Fatma na mfuko. Ametoa vitatu vya maua, akapokea vya bluu viwili, hotpoti moja na kifuniko kimoja. Kipande cha tatu, kifuniko, Mama Fatma aapa hajakiona, yeye seti yake ilitimia nane kwa sababu alirudishiwa na kifuniko cha kijani, hata hakijui ni cha nani, hakuna nyumba ya kijani kwenye mtaa mzima.

Swaleh kutoka kwenye kochi, na pua yake imeziba, "Bibi, hiyo ni 2009."